Tusitetee Kweli kwa Hoja Mbovu

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili nitoe maoni yangu, na pamoja na maoni nilipe deni. Wasomaji wengi watakumbuka mdahalo uliofanyika bwaloni muhula uliopita, ambapo hoja ilikuwa hii: "Viungo masalia na ukuaji wa mtoto tumboni vyathibitisha mageuko ya viumbe." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Tulishinda kwa kura nyingi, makofi yakapigwa, nami nikarudi bwenini kichwa juu. Leo nasema wazi kwamba ushindi ule haukuwa wa haki. Hata sasa naamini kwamba hoja yenyewe ni ya kweli; lakini niliitetea kwa maneno ambayo hayakuwa ya kweli.

Nilisema mambo mawili. Kwanza, ya kuwa mwili wa binadamu umejaa viungo visivyo na kazi yo yote, takataka tulizoachiwa na wazee wetu wa zamani sana. Pili, nilichora ubaoni picha za watoto wachanga wangali tumboni au yaini: wa samaki, wa kuku, wa nguruwe na wa mtu, wote wakifanana kama mapacha. Nikasema kwamba mtoto wa binadamu huwa samaki kwanza, kisha mjusi, kisha mnyama, na mwisho ndipo huwa mtu. Bwalo zima lilicheka, na upande wa pili ukakosa jibu.

Msemaji wa upande wa kupinga ni rafiki yangu wa darasa moja, kijana wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambaye baba yake ni mwalimu wa dini. Hakuridhika. Alikwenda maktaba, akasoma, na baada ya juma moja akanijia na vitabu viwili. Kimoja kilieleza kwamba kidole tumbo, nilichokiita takataka, kina kazi. Cha pili kilieleza kwamba picha nilizochora zilikwisha kukosolewa na wataalamu tangu karne ya 19. Akaniambia, "Ndugu yangu, mlitushinda kwa uongo. Kama huo ndio ushahidi wenu, basi yote ni uongo. Kidato cha tano sitachukua Baiolojia."

Maneno hayo yaliniuma sana. Tangu kidato cha kwanza kijana huyu ametaka kusomea udaktari, arudi kutibu watu wa kwao. Kwa ajili ya makofi ya jioni moja, mimi nilikuwa karibu kumwondoa katika njia yake. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Nianze na kosa la kwanza. Kosa hili latokana na neno. Vitabu vyetu vya Baiolojia ni vya Kiingereza, na tunapojadiliana kwa Kiswahili hutubidi kutafuta maneno yetu wenyewe. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba viungo masalia ni "viungo visivyo na kazi." Hiyo siyo maana yake. Masalia ni kile kilichobaki baada ya kilicho kikubwa zaidi kuondoka. Wali uliosalia usiku huliwa asubuhi, na hauachi kuwa kiporo kwa sababu tu umemshibisha mtu.

Nitatoa mfano wa kwetu milimani. Katika nchi ya Wamatengo kila mtu anazijua ngolo, yale mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama vyumba vya sega la nyuki, yazuiayo maji ya mvua yasichukue udongo. Babu yangu ana shamba ambalo zamani lilikuwa la ngolo, likizaa maharage na mahindi. Siku hizi limepandwa kahawa, na hakuna achimbaye ngolo pale. Lakini ukipita utaona mabonde madogo yamepangika vizuri chini ya mibuni, na mvua ikinyesha bado yanashika maji kidogo. Sasa, akija mtu akasema, "Mabonde haya yanaisaidia mibuni, kwa hiyo hapa hapakuwa na ngolo kamwe," je, tutamsadiki? Na akija mwingine akasema, "Mabonde haya ni ya ngolo ya zamani, kwa hiyo hayana faida yo yote," naye je? Wote wawili wamekosa. Mpango wa mabonde watueleza habari za zamani; faida yake ya leo ni habari nyingine.

Basi katika mdahalo wetu mimi nilikuwa yule mtu wa pili, na rafiki yangu alikuwa yule wa kwanza.

Wala si sisi tulioanza kukosa hivi. Mwaka 1871 Charles Darwin mwenyewe aliandika kwamba kidole tumbo hakina manufaa. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Robert Wiedersheim, alitoa orodha ya sehemu 86 za mwili wa binadamu alizozihesabu kuwa masalia. Miaka ilivyopita, nyingi kati ya hizo zimeonekana kuwa na kazi. Kidole tumbo kina tishu za kupambana na magonjwa, ijapokuwa mtu aliyekatwa huishi vizuri bila hicho. Kwa hiyo anayejenga nyumba yake juu ya neno "hakina kazi" anajenga juu ya mchanga: kila kazi mpya ikigunduliwa, ukuta mmoja unaanguka. Na jambo la kusikitisha ni kwamba Darwin huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alikuwa amekwisha kusema kwamba kiungo chaweza kupungua kwa kazi yake ya kwanza na bado kikatumika kwa kazi nyingine. Maneno hayo tungaliyashika, tusingalipoteza muda mwingi.

Swali la kuuliza, basi, si "Je, kiungo hiki kina kazi?" Swali ni "Kwa nini kina umbo hili, wakati kazi yake ya leo haihitaji umbo hili?" Nitaje mifano ambayo mtu wa Mbinga au wa mwambao anaweza kuiona bila kwenda Ulaya.

Mtazame chatu. Watu waliowahi kumwua chatu kando ya mto wanajua kwamba karibu na tundu lake la haja kuna kucha mbili ndogo, moja kila upande. Ndani ya nyama, kucha hizo zimeshikana na vifupa vidogo, navyo ni mabaki ya nyonga na ya miguu ya nyuma. Kifutu hana kitu kama hicho. Je, kucha za chatu hazina kazi? Zinayo: dume huzitumia kumpapasa jike wakati wa kupandana, na kucha za dume ni kubwa kuliko za jike. Lakini kwa kazi ya kupapasa tu, kuna haja gani ya mfupa wa paja na mabaki ya nyonga? Chatu anao mguu uliopungua, ukapata kazi nyingine. Una kazi, na ni masalia. Mambo haya mawili hayagombani.

Mtazame fuko, ambaye wakulima wa milimani wanamjua kwa hasara anayowatia. Anaishi gizani, na macho yake ni madogo mno. Watu husema kwamba ni kipofu. Wataalamu waliompima wameona kwamba macho hayo hayafai sana kutambua maumbo ya vitu, lakini yanatambua mwanga. Na mwanga ukiingia shimoni, ni dalili kwamba njia yake imebomolewa. Basi jicho la fuko nalo lina kazi. Hata hivyo ni jicho lililopungua, lenye sehemu za jicho la mnyama wa mchana.

Tena, mkitaka kitu kilicho karibu zaidi, shikeni mguu wa mbuzi siku ya sikukuu kabla haujaenda motoni. Mbuzi husimama juu ya kwato mbili, lakini nyuma yake, juu kidogo, zinaning'inia kwato nyingine mbili ndogo zisizogusa ardhi anaposimama mahali pa tambarare. Nguruwe anazo kama hizo, ila ni kubwa zaidi, na katika tope humsaidia. Kiboko anakanyaga kwa vidole vyote vinne. Twiga amebaki na viwili tu, na vile vya nyuma havionekani kabisa. Sisemi kwamba mbuzi alikuwa kiboko zamani! Nasema kwamba wanyama hawa wote wana mguu wa mpango mmoja, na kila mmoja ameuacha mpango ule mahali pake.

Hapa rafiki yangu hutoa methali yake, nayo ni nzuri: ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeumba, asema, aliweza kutumia mpango mmoja kwa viumbe vyote. Sina ugomvi na methali hiyo, na habari za Muumba si za kuamuliwa kwa kura za bwalo. Lakini hata fundi wa mitumbwi, ukikuta ndani ya mtumbwi wake alama ya kazi ya kwanza iliyoanzwa kisha ikaachwa, una haki ya kuuliza mtumbwi huu umepitia nini. Sayansi yauliza hilo tu.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo ni kubwa zaidi, yaani picha zangu za ubaoni. Picha zile asili yake ni za Ernst Haeckel, Mjerumani, ambaye mwaka 1866 alitangaza kwamba kila kiumbe, kinapokua kutoka yai, hurudia kwa haraka historia yote ya wazee wake. Mwaka 1874 alichapisha michoro ya kuonyesha jambo hilo. Mwaka huo huo mtaalamu mwenzake, Wilhelm His, alimshutumu kwamba michoro ile haikuwa ya uaminifu. Mwaka 1997 Michael Richardson na wenzake walichapisha picha za kamera za viinitete, yaani watoto wachanga kabisa tumboni na mayaini, wa wanyama wa aina nyingi. Zikaonekana tofauti ambazo Haeckel alizifuta au kuzipunguza. Tena, mwanzoni kabisa viinitete havifanani sana; hufanana zaidi katikati ya safari, kisha hutengana.

Kwa hiyo niliposema kwamba mtoto wa binadamu huwa samaki kwanza, nilisema jambo lisilo kweli. Mtoto wa mtu hawi samaki hata siku moja. Ukweli ulikuwa umeelezwa vizuri zaidi mwaka 1828 na Karl Ernst von Baer, aliyesema kwamba kiinitete hakifanani na mnyama mzima wa aina nyingine, bali hufanana na kiinitete chake. Na ajabu ni kwamba von Baer hakuikubali nadharia ya Darwin hata alipozeeka. Mtu anaweza kueleza vizuri alichokiona, hata kama hakubaliani na maana ambayo wengine wanaitoa humo.

Tukiondoa chumvi ya Haeckel, je, tunabaki mikono mitupu? Hasha. Tunabaki na mambo ambayo kila mtaalamu anaweza kuyakagua.

Kiinitete cha samaki na kiinitete cha mtu vyote vina matao ya koo, yaani mikunjo iliyopangana pande mbili za shingo. Katika samaki, matao hayo hutengeneza taya na matamvua ya kupumulia. Katika mtu hayatengenezi matamvua hata kidogo. Hutengeneza taya, vifupa vidogo vya sikio na baadhi ya gegedu za koo. Na samaki wetu wa ziwani wametumia matao hayo kwa namna yao. Mama anayesafisha perege, akichambua koo lake, atakuta mfupa wenye meno mengi madogo. Ni taya la pili, la kusagia chakula, nalo limetokana na matao ya nyuma ya koo. Msingi mmoja, majengo mbalimbali.

Chatu akiwa bado yaini, miguu yake ya nyuma huanza kuota kama chipukizi, kisha ukuaji hukoma. Pomboo tumboni mwa mama yake huota vichipukizi vya miguu ya nyuma katika majuma ya mwanzo, kisha hunywea vikapotea. Wale nyangumi wakubwa wasio na meno, wachujao chakula kinywani, huanza kuota meno tumboni, na meno hayo huyeyuka kabla hawajazaliwa. Na jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo miongoni mwa wanyama walio hai leo ni kiboko, yule yule mwenye vidole vinne.

Katika milima ya nchi yetu kuna vyura wadogo wasiotaga mayai majini, bali huzaa watoto waliokamilika. Mmoja wao ni chura wa Kihansi, aliyepata sifa duniani kote baada ya kutoweka katika maporomoko yake na kurudishwa mwaka 2012 kutoka Marekani alikokuwa akifugwa. Vyura wa jamii hiyo, wangali ndani ya mama yao, hupitia hali ya kiluwiluwi chenye mkia, ingawa humo hamna dimbwi la kuogelea. Nani angempa mkia wa kuogelea mtoto asiyeogelea, kama si urithi?

Na sisi wenyewe, tangu juma la nne hivi la mimba, tunakuwa na mkia mdogo, nao hutoweka kufika juma la nane. Kinachobaki ni kifandugu mwishoni mwa uti wa mgongo. Kifandugu kina kazi, kwa kuwa misuli ya chini ya nyonga imeshikana nacho; aliyewahi kuanguka akakikalia atashuhudia kwamba kipo! Mwaka 2024 watafiti walieleza badiliko dogo katika urithi wa binadamu na sokwe, badiliko lisiloonekana kwa nyani na tumbili wenye mikia, nao walipoliweka kwa panya, baadhi walizaliwa na mikia mifupi au bila mkia. Mambo kama haya yanakaguliwa. Hayahitaji picha ya kutia chumvi.

Wala viungo masalia na viinitete si mashahidi peke yao. Mwaka 1933 Rex Parrington alichimbua katika bonde la Ruhuhu, hapa hapa jirani, mifupa ya mnyama wa zamani sana, kabla ya dinosaria. Mwaka 2017 mnyama huyo alitangazwa rasmi kwa jina la Teleocrater. Alikuwa wa ukoo ulioelekea kwa dinosaria na ndege, lakini kifundo cha mguu wake kilikuwa kama cha mamba. Hivyo mawe nayo yanasema, na yanasema kwa sauti yake yenyewe.

Naona wengine wataniuliza habari za dini, kwa kuwa wengi wetu ni watoto wa misheni, Wakatoliki wa milimani na Waanglikana wa mwambao. Mimi si padre. Najua tu kwamba mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi wa Vatikani kwamba nadharia ya mageuko sasa ni zaidi ya dhana tu. Na kwamba Darwin alipofariki mwaka 1882 alizikwa Westminster Abbey, kanisa kubwa la Waanglikana huko London. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwambia mwanafunzi mwenzake kwamba hana budi kuchagua kati ya kanisa na kitabu cha Baiolojia. Mimi nilimfanya rafiki yangu aone hivyo, na nilikosa.

Likizo iliyopita nilikwenda kwao ziwani. Asubuhi moja mashua zilipofika alinionyesha perege jike ambaye kinywani mwake mlikuwa mmebaki watoto wachache, kwa maana samaki hao huatamia mayai kinywani, na wakinaswa mara nyingi huyatema. Watoto wale walikuwa wadogo kama mbegu, wana macho makubwa meusi, wamejikunja juu ya kiini cha yai. Tuliwaweka katika kikombe cha maji tukawatazama kwa kioo cha kukuzia. Rafiki yangu alitazama muda mrefu kuliko mimi. Kisha akasema, "Haya siyo uliyoyachora." Nikamjibu, "Kweli, siyo." Akasema, "Ungalianza na haya, tungaligombana vizuri zaidi."

Nawaomba, basi, wasemaji wa midahalo ijayo, wa pande zote mbili. Usiseme "hakina kazi" kabla hujasoma. Usiseme "kina kazi" ukadhani umemaliza maneno. Usichore picha ambayo hukuuliza ilitoka wapi. Na ukigundua kwamba ulishinda kwa hoja mbovu, usisubiri mpaka mwenzako akuletee vitabu. Simama uiondoe mwenyewe. Hoja mbovu ikigunduliwa haifi peke yake, huzika na hoja nzuri zilizo karibu nayo.

Rafiki yangu bado hakubaliani nami katika mengi, na tumepanga kusimama tena bwaloni muhula ujao. Lakini juzi tulipopewa karatasi za kuchagua masomo ya kidato cha tano, nilimwona akiandika Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne